Damu Iliyochemshwa

Jumatatu, 16 Septemba
Daftari hili lilikuwa la matokeo ya maabara. Kurasa za mbele zililowa maji, Daktari Gorret akataka kulitupa, nikaliomba. Mimi ni Benitha. Kule kwetu Fizi nilikuwa laborantine, fundi wa maabara, miaka kumi na mmoja mbele ya darubini. Hapa kambini Nakivale, kwa miaka mitano, nimekuwa mke wa Gad mwenye shamba la maharage, basi. Lakini mwezi huu nimepata kazi: siku tatu kwa wiki naenda Mbarara kuosha vyombo vya kioo katika maabara ndogo ya Kakoba, ambako Daktari Gorret anachunguza damu ya mamba. Wifi yangu Pascaline, dada mkubwa wa Gad, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

"Batu bote banamukimbia mamba," alisema, "we njo unaenda kumuoshea vyombo!"

Tumepanda maharage katika vumbi. Mvua bado.

Alhamisi, 19 Septemba
Leo Daktari alinichukua ziwani kwa sababu mkono wa kusaidia ulipungua. Askari wa wanyamapori walikuwa wamenasa mamba dume, urefu wake watu wawili. Swaibu, dereva wetu, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alimfunga mdomo kwa kamba na mpira, akamfunika macho kwa gunia bichi.

"Mama, wewe kalia hiyo mkia!" akanipigia kelele. "Usiogope, hii mzee haina kazi sasa."

Nilikalia. Ndipo nikaona kwamba mguu wake wa nyuma ulikatika zamani, mamba mwenzake aliung'oa. Kidonda kilifunga vizuri kabisa, ngozi safi, na ziwa lile tunalijua: kinyesi cha ng'ombe, cha viboko, na chetu. Mtu angeoza kwa wiki mbili. Daktari alichoma sindano nyuma ya kichwa, akavuta damu, tukamwachia. Aliingia majini bila haraka.

Ijumaa, 20 Septemba
Nimefurahi leo kuliko siku yoyote ya hapa ukimbizini. Jana tulisubiri damu igande, tukachukua yale maji ya njano yanayobaki juu, yaani seramu. Tukachanganya na vijidudu vya kuhara, tukamwaga kwenye sahani za vioo. Leo asubuhi, sahani yenye vijidudu peke yake ilijaa madoa. Sahani yenye seramu ya Swaibu, aliyejitolea damu huku akilalamika, ilikuwa na madoa machache. Ya mamba ilikuwa tupu. Niliiinua dirishani nikaizungusha, hakuna kitu.

"Benitha, sisi watu kinga nyingi tunafundishwa," Daktari aliniambia. "Tunaugua kwanza, ama tunachanjwa. Hii yake inazaliwa kama inajua kazi. Lakini usiende kusema huko kambini ati ni dawa. Bado ni swali tu, hakuna mtu ametibiwa na hii."

Kisha akaniambia niache kuosha, nihesabu madoa. Mimi! Nilihesabu mara mbili, Daktari naye akahesabu, na hesabu zetu zililingana.

Jumapili, 22 Septemba
Nimesema. Tulikuwa tunakula kwa Pascaline baada ya kanisa, watu kama kumi, na sikuweza kujizuia. Nikaeleza mguu uliokatika, sahani tupu, kila kitu. Watu waliacha kula wakanisikiliza. Kwa dakika tano nilikuwa mtu tena. Pascaline alingoja nimalize.

"Kumbe damu ya mamba ina akili kushinda ya batu bengine," akasema. "Inajua hata kuzaa."

Walicheka, maana wote wanajua sijazaa. Gad naye alicheka kidogo.

Nikiandika jina la huyu mwanamke lazima niandike na jambo la Kabazana, daftari lisije likaniona mchokozi. Tulipofika pale mapokezi ya wakimbizi tulikuwa watatu, Pascaline, Gad na mimi. Yeye ndiye aliyezungumza na mwandishi. Alimwandikisha Gad kwenye kadi yake ya familia, na kalamu ilipofika kwangu alisema: "Huyu tulikutana naye mu njia." Nililala wiki sita katika ukumbi na watu nisiowajua, nikipanga foleni ya uji peke yangu, mpaka jambo lilipotengenezwa. Gad alisimama pale pale. Alisema baadaye aliogopa kelele.

Jumatano, 25 Septemba
Mvua, hatimaye.

Ijumaa, 27 Septemba
Daktari alinionyesha jambo jipya. Seramu ile ile ya mamba aliiweka kwenye maji ya moto, nyuzi hamsini na sita kwa nusu saa, moto ambao hata hauchemshi chai. Leo sahani yake imejaa madoa kana kwamba hatukuweka kitu. Nguvu yote imekufa. "Moto kidogo tu na askari wote wamelala," Daktari alisema. Ukiiacha juani pia inachoka. Nimeandika hapa nisisahau, ingawa sioni nitasahau vipi.

Jumatatu, 30 Septemba
Mvua. Ziwa limepanda hadi kwenye matete. Maharage yameota.

Jumatano, 2 Oktoba
Pascaline ameumwa na mamba. Alikwenda kuchota maji asubuhi pale ziwa lilipopanda, akainama na kidumu, akashikwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Wanawake wawili walimvuta miguu, mwingine akampiga mamba puani kwa jembe, akaachia. Nilimwona akiletwa. Mashimo saba, mawili yanaonyesha mfupa. Hakulia. Aliponiona alisema, "Angalia muzuri, laborantine, hauone hivi kila siku."

Pale zahanati ya Base Camp walimwosha kwa muda mrefu, wakamchoma sindano, wakampa vidonge vya siku kumi, wakamwambia arudi kila siku kubadilisha bandeji.

Alhamisi, 3 Oktoba
Ameniita. Sikuketi, hakunikaribisha kuketi.

"We njo uko mu labo. Uniletee ile damu."

Nikasema ni mali ya Daktari. Hilo ni kweli. Ningeweza kuongeza kwamba si dawa ya mtu, kwamba vidonge vile ndivyo dawa, afuate zahanati. Sikuongeza. Ule mdomo haujawahi kuniambia naomba. Nilingoja aseme. Akasema:

"Mungu alikufungia tumbo, na we unafunga mukono."

Nikaenda zangu.

Jumamosi, 5 Oktoba
Askari wamempiga mamba risasi. Watu wa ziwani walimkatakata mpaka mchana, na Gad akarudi na kidumu cha lita tatu, damu nyeusi imekaa juani tangu asubuhi. Aliupita mlango wetu akakipeleka kwa dada yake moja kwa moja.

Nilifuata. Nilisimama mlangoni pake. Pascaline, kwa mkono mmoja, alimimina damu katika sufuria akaweka motoni. Yeye huchemsha kila kitu: maji, maziwa, hata vitambaa. Kule Kabazana walituhubiria kuchemsha, kwa ajili ya kipindupindu, na hakuna mwanafunzi aliyelishika somo kama yeye. Ndiyo sababu watu wa mstari wake wa nyumba hawaharishi. Sasa akaichemsha damu kwa uangalifu ule ule, akikoroga isishike chini, mpaka ikawa kama maini yaliyosagwa. Akanitazama.

"Ni lazima iive, sivyo?"

Nikatazama povu. Niliona sahani yangu ya Ijumaa ile, madoa tele. Nyuzi hamsini na sita! Hii ilikuwa inatokota. Na hata ikiwa mbichi, uchafu wa mzoga uliokaa juani ungemsaidia nini? Maneno yalikuwa mdomoni, mepesi kabisa. Nikasema, "We si unajua kila kitu?" Akaipaka kwenye mashimo, akafunga juu yake kwa kitambaa kilichochemshwa.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilijisemea: siku mbili, patamwasha, ataniita, ataniomba, nami nitamwosha mwenyewe na kumrudisha zahanati. Siku mbili hazimuui mtu.

Jumapili, 6 Oktoba
Bado hajaomba.

Jumatatu, 7 Oktoba
Mvua. Kakoba tope mpaka magotini. Nimehesabu sahani ishirini na nne. Bado hajaomba.

Jumanne, 8 Oktoba
Amemwambia Gad mkono unapoa. Ameacha kwenda zahanati, ati wataiondoa ile damu waoshe bure. Bado hajaomba.

Jumatano, 9 Oktoba
Leo aliniita tena. Alikuwa ameketi juani, uso unang'aa jasho, na mara hii alinisogezea kigoda. Nilijua homa nilipomkaribia, joto lilinifikia kabla sijamgusa.

"Wifi," alisema. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita hivyo. "Hivi vidonge vinanichafua roho. Na batu banasema dawa mbili za nguvu hazikai mu mwili moja, zinapigana. We ulisoma. Niviache?"

Aliuliza. Hilo ni swali la mtu anayemwamini mwingine. Lakini hakusema naomba, na mimi nilikuwa nimeshajipangia neno hilo, na kichwani mwangu alikuwa bado amesimama mbele ya yule mwandishi wa Kabazana. Nikasema, "Wewe unajua mwili wako."

Akaviweka chini ya mkeka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mvua ilinizuia. Sikwenda Mbarara, wala sikwenda kwake.

Jumamosi, 12 Oktoba
Harufu. Gad anasema ni damu ya mamba inayofanya kazi. Nimemwangalia mume wangu leo kwa muda mrefu na sikumpata mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 14 Oktoba
Naandika Mbarara, nje ya hospitali, kwenye benchi.

Jana nilikwenda kwake kabla ya kanisa. Sikungoja kuitwa. Nilifungua kitambaa na ule uji mweusi ukatoka pamoja na ngozi. Mkono ulikuwa umevimba hadi begani, unang'aa, na nilipobonyeza chini ya kiwiko nilisikia vipovu vikivunjika ndani ya nyama. Miaka kumi na mmoja maabara, najua ile sauti maana yake nini: nyama inaoza ndani kwa ndani. Nilianza kupiga kelele. Nilimpigia Gad kelele, nikawapigia majirani, nikampigia Pascaline mwenyewe, kana kwamba wao ndio waliokuwa wamenyamaza.

Alinitazama kwa macho yasiyokaa mahali pamoja. "Unilindie mukono," alisema. "Ni mukono ya kulima. Nakuomba, wifi."

Ndilo hilo neno. Nilikuwa nimelingoja siku kumi. Limekuja wakati sina cha kulifanyia.

Njia ilikuwa imeoza kwa mvua, gari la wagonjwa lilikwama mara mbili, nikashuka kusukuma pamoja na wanaume. Nilimpigia Swaibu simu, akatukuta njiani na gari la Daktari, tukamhamishia humo. Alimwona Pascaline, akanusa, akanitazama kwenye kioo.

"Mama Benitha, wewe ulikuwa wapi?" akauliza.

Nikasema nilikuwa kazini.

Wamemkata mkono leo saa nne asubuhi, juu ya kiwiko. Amenusurika kufa. Daktari Gorret alikuja na chai, akaketi nami. "Pole sana," akasema. "Angalau kwa jamaa yake kulikuwa na mtu mwenye kujua." Chai niliinywa.

Ijumaa, 25 Oktoba
Maharage yanatoa maua. Nalima shamba lake na letu.

Jumapili, 3 Novemba
Amerudi. Nimempikia, nimemfulia, nimemkata kucha. Hasemi neno baya hata moja. Ningependa aseme.

Jumapili, 10 Novemba
Kanisani, wakati wa ushuhuda, Pascaline alisimama. Kanisa zima liligeuka, maana wote walitaka kuona kisiki cha mkono. Alikiinua.

"Nilipaswa kuwa mu kaburi," alisema. "Mamba alinikamata, sumu ikapanda. Lakini mu nyumba yetu Mungu alitupatia mutu wa labo. Ni damu ya mamba iliilinda roho yangu mpaka nikafika ku hospitali. Wifi Benitha, simama bakuone. Kama hakuwa yeye, leo mungekuwa munaniimbia."

Walinipigia makofi. Mchungaji akanibariki. Mikono ya watu ilinigusa mabega, mgongo, kichwa, na mimi nikasimama pale kama mwizi aliyepewa funguo za duka.

Jumatatu, 11 Novemba
Wamekuja sita, na vidonda vyao. Nimewaambia damu si dawa, waende zahanati. Wanatabasamu. Wanadhani naona haya.

Jumanne, 12 Novemba
Tisa. Mmoja alitoka mbali, Juru, kwa miguu.

Alhamisi, 14 Novemba
Watu wa ziwani sasa wanauza damu kwenye makopo. Nyingine ni ya mbuzi. Wanasema, "Ichemushe muzuri kama Mama Pascaline."

Nilikwenda kwake. Alikuwa anamenya maharage machanga kwa mkono mmoja, beseni kati ya magoti. Nilimwambia aache kuwatuma watu kwangu, kwamba ile damu haikumsaidia.

"Najua," akasema.

Akaendelea kumenya.

"Kule hospitali munganga aliniuliza, ulitia nini humu ndani? Nikamwambia damu ya mamba, nilichemusha muzuri. Akatikisa kichwa. Akasema, mama, hata kama ile damu ina nguvu, ukiichemusha imekufa, kila mutu wa labo anajua vile. Kila mutu wa labo, Benitha. Nikakukumbuka ku mulango yangu, unaangalia sufuria."

Nikakaa chini kwenye maganda.

"Kwa nini basi ulinishukuru mbele ya watu?"

"Ningesema uliniuwa mukono, bangesema mawifi banagombana. Mwezi moja, bamesahau. Sasa batakuja kwako kila siku. Kila moja na kidonda yake. Na we utabaambia hapana, na batauliza sababu."

"Watoto watakufa, Pascaline."

"Basi useme ukweli."

"Nimesema! Nimewaambia haifanyi kazi."

"Ile si ukweli," akasema. "Ile ni kipande."

Nilimchukia kama siku ya Kabazana. Halafu nikatazama vidole vyake vitano vikihangaika na ganda moja, likimponyoka, akiliokota, na chuki ikakosa pa kushika. Nilitaka kumsaidia kumenya. Akavuta beseni.

Jumatatu, 18 Novemba
Mvua siku nne. Sikuandika.

Jumanne, 19 Novemba
Perpétue, jirani wa mstari wa tatu, alimleta binti yake wa miaka minne mgongoni. Sufuria ya maharage ilimmwagikia paja siku nne zilizopita. Juu ya kidonda alikuwa amepaka kile kitu cheusi, kimekauka, kimepasuka, na pembeni usaha. Mtoto hakulia tena, alilala tu macho wazi. Mlangoni walikuwa wengine watano wakingoja. Gad alikuwa ndani.

"Ya kopo haina nguvu," Perpétue alisema. "Nipatie ya labo."

Nikamwambia hakuna dawa ya labo, ampeleke mtoto zahanati sasa hivi.

"Ulimupatia wifi yako. Mi unaninyima juu mi si ndugu?"

Nikamwapia. Nikamwambia nyuzi hamsini na sita, nikamwambia sahani na madoa. Alisikiliza kwa heshima ile ya mtu anayengoja umalize maneno yako akuombe tena. Kisha akapiga magoti. Perpétue, mwenye miaka kama yangu, alipiga magoti kwenye tope na mtoto mgongoni, akasema, "Nakuomba."

Basi nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa ili hata wale watano wasikie. Nilisema sikumpa Pascaline kitu chochote. Alichemsha damu ya mzoga mbele ya macho yangu, nami nilijua imekufa, nikakaa kimya. Nilikaa kimya makusudi, nilitaka apate maumivu aje aniombe. Aliniuliza kama aache vidonge, na nilijua jibu, nikakataa kumpa. Mkono wake haukukatwa na mamba. Mimi ndiye niliyeuacha uoze, siku kwa siku, na nilikuwa nikiandika.

Hakuna aliyecheka. Perpétue hakunitazama mimi. Aligeuka kumtazama Pascaline, aliyekuwa amesimama mlangoni pake, hatua ishirini tu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Pascaline alisema. "Peleka mutoto."

Perpétue aliinuka, akanitazama, akatema mate miguuni pangu, akaondoka mbio kuelekea Base Camp. Wale watano wakamfuata, mmoja mmoja.

Jumapili, 24 Novemba
Binti wa Perpétue yuko Mbarara, wamemsafisha, mguu utabaki. Gad amehamia kwa dada yake. Alichukua mkeka, redio na koti. Alisema hawezi kulala karibu na mtu anayengoja. Nimemweleza Daktari Gorret yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kuanzia kesho nirudi kuosha vioo, kuhesabu atahesabu mwingine.

Jumapili, 1 Desemba
Mvua inapungua. Maharage tayari, navuna peke yangu, mafungu mawili, la Pascaline na letu.

Nilidhani wataacha kuja. Lakini ushuhuda wa kanisani ulifika Rubondo kabla ya ukweli, na wa huko ndio kwanza wanafika, wamefunga vidonda kwa vitambaa safi vilivyochemshwa. Nawakalisha. Nawaeleza tangu mwanzo: sufuria, mlango, nilichojua, kwa nini nilinyamaza. Sifupishi, kwa sababu nikifupisha wanadhani nawanyima, wanakwenda kununua makopo. Wakimaliza kunisikia wananitazama vile Perpétue alivyonitazama, kisha wanakwenda zahanati. Pascaline huleta kigoda chake akaketi mlangoni pake kusikiliza.

Leo wamekuja wanne. Kwa wa tatu, mzee mmoja, nilikuwa nimechoka, nikamaliza haraka, nikamwonyesha njia ya Base Camp.

"Na vidonge," Pascaline akaita kutoka kule. "Haujamwambia ya vidonge."

Nikamrudisha mzee, nikamwambia ya vidonge.